Siku Kamera Yangu Ilipoangukia Kinu

Kamera ikianguka, usiikimbilie. Najua mkono utataka kwenda wenyewe, uzuie. Simama pale pale, utazame imelala vipi, imetua kwa upande gani, na kama kuna kipande cha kioo kilichoruka. Ukiikwapua kwa pupa utakikanyaga kile kipande, kisha utaitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza kama kibuyu kina maji, na kilichokuwa kimelegea tu kitakuwa kimekatika. Imeshaanguka. Haina mahali pengine pa kwenda, na wewe pia huna.

Nawaambia hivi nyie vijana wa kamera kwa sababu juzi mmoja wenu alikuja hapa barazani kwangu na lenzi imemeguka, anatetemeka kama amefiwa, na kitu cha kwanza alichokuwa amefanya ni kuifuta kwa fulana. Chenga za kioo ziko juu ya kioo, naye anazisugua kama anaosha sufuria ya ugali. Nilimpa chai kwanza. Mwenye lenzi iliyovunjika hasikii ushauri kabla ya chai.

Kazi hii nilijifunza Tabora kwa Mzee Mihambo, aliyekuwa na studio nyuma ya soko na kikohozi kilichokuwa kinamshika kila mteja anapokaribia kutabasamu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najiona msomi, nikidhani siku ya kwanza nitapewa kamera. Nikapewa kweli, ila ilikuwa maiti, haifyatuki wala haisogezi filamu. "Kaa nayo," akaniambia. Nilikaa nayo mpaka nikaweza kuifungua na kuifunga nimefumba macho. Nilipolalamika kwamba sijapiga picha hata moja, alisema, "Kupiga picha utafundishwa na wateja. Mimi nakufundisha ya siku itakapokuponyoka."

Akanionyesha jambo ambalo nimelitumia maisha yangu yote. Kamera ikianguka na haina filamu ndani, fungua mgongo wake. Chukua karatasi laini, ile ya kufungia siagi, uibandike pale filamu inapopita. Acha kifyatulio wazi mwanga upite, uielekeze kamera mlangoni. Mlango utakuja kukaa juu ya ile karatasi, kichwa chini miguu juu. Kona zote zikiwa kali, nenda kalale. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine una ukungu, lenzi imekaa upande, na hapo habari ya kulala isahau kidogo. Nyie mna kioo nyuma ya kamera kinachowaonyesha kila kitu hapo hapo, lakini nimewaona, mnatazama sura za warembo katikati. Tazameni kona.

Sasa, mimi ni mtu wa nyumbani. Siyo sifa, ni hali, kama wengine walivyo na mguu mfupi. Nilipohamia Mpanda na kufungua studio yangu karibu na stesheni ya treni, niliona nimefika mwisho wa safari, na reli nayo ilikuwa imefika mwisho pale pale, tukaelewana. Ukutani fundi rangi alinichorea ziwa, taa za barabarani na ndege inayoruka. Mtu akitaka kusafiri, anakuja kwangu, anasimama mbele ya ndege, namfyatua, anarudi kijijini kwake Kakese ameshafika Ulaya. Kwa nini mimi nitoke? Mke wangu, Mama Deo, alikuwa akisema nikienda sokoni naaga kama ninayekwenda vitani.

Hiyo ndiyo hali aliyonikuta nayo Bibi Leokadia.

Aliingia studio mchana mmoja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ametoka Mwese milimani, nusu ya njia kwa miguu na nusu juu ya lori la mazao. Mwanamke mrefu, mkavu, na kilemba cheupe. Akakaa kwenye kochi la wateja bila kukaribishwa, akautazama ukuta kwa muda.

"Hiyo ndege mbona ina mapezi?"

"Ni mabawa, Bibi."

"Mimi nimekula samaki tangu utoto. Hayo ni mapezi."

Nyuma ya pazia Mama Deo akacheka. Nami nilishajua kwamba yale yalikuwa mapezi, ila kwa miaka yote hakuna mteja aliyekuwa amenitamkia.

Kisha Bibi akasema kilichomleta. Alikuwa na mjukuu, Skolastika, anayeolewa na kijana anayefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Mama yake Skola, binti wa Bibi, aliitwa Veronika, na alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Hakuna aliyewahi kumpiga picha.

"Tangu ajue kusema ananiuliza, Bibi, mama alikuwaje? Namwambia alikuwa mzuri. Ananijibu, kila marehemu alikuwa mzuri. Sasa anaondoka, na mimi kwa miguu hii Tanga siifiki. Watu waliomjua Vero wote wanasema alikuwa mimi mtupu, hasa usoni. Basi nipige mimi. Mimi na Skola, mlangoni kwangu, uso wangu uwe mkubwa uonekane vizuri. Aende na sura hiyo, ndiyo iliyobaki."

"Bibi," nikasema, "mlete hapa. Nitawapiga mbele ya ziwa."

"Bibi harusi mtarajiwa atembezwe barabarani siku hizi za mwisho? Na akija, atapigwa na samaki anayeruka?"

Nikaanza kueleza habari za kifua changu, vumbi, na barabara. Sauti ya Mama Deo ikatoka nyuma ya pazia. "Atakuja, Bibi. Mwese si Ulaya."

Nikaenda. Safari yenyewe siwezi kuisimulia vizuri kwa sababu sehemu kubwa nilikuwa nimefumba macho. Nilikaa juu ya magunia, kamera nimeikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, na kila lori lilipoinama kwenye korongo niliahidi jambo ambalo sijalitimiza mpaka leo. Lilipogoma kupanda, tukatembea. Watoto wa Mwese walinipita wakiwa na kuni kichwani, wakanisalimia shikamoo kwa huruma.

Kamera yangu wakati ule ilikuwa ya macho mawili, jicho moja juu ya jingine, yote mawili yamefungwa kwenye bamba moja la mbele. Jicho la juu ni la mpiga picha: unainamisha kichwa, unatazama kwenye kioo kilicho juu ya kamera, unaona kile ambacho jicho la chini litakipeleka kwenye filamu. Kwa kuinama huko, nilipokuwa nikifanya kazi kanisani, wazee walikuwa wananisifu kwamba mpiga picha huyu ana ibada.

Filamu nilikuwa nayo moja, ya picha kumi na mbili. Zilikuwa adimu, na mwenye duka pale Mpanda alikuwa akinipimia kama dawa ya kifua.

Jioni ile ya kufika, Bibi alinipa kigoda chake mwenyewe, ugali, na maharage yaliyoungwa kwa karanga, na mbele ya watu wote akasema, "Huyu si mgeni tena. Huyu ni mjukuu wangu." Nilifurahi mpaka nikaongeza ugali. Mtu wa nyumbani ukimpa nyumba ya pili umemmaliza. Sikujua kwamba kwa neno hilo Bibi alikuwa amenikabidhi kwa Mzee Kasanda.

Mzee Kasanda alitoka Sibwesa. Ukoo wake na ukoo wa Bibi walikuwa watani wa tangu mababu, wale wa kuzikana na kuozeshana, na mtani kwenye shughuli ya mtani wake ana ruhusa ambayo hata polisi hana. Anachukua anachotaka, anakaa nacho mpaka kikombolewe kwa pombe au kwa kuku, na mwenye mali haruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeukana ukoo. Kufikia asubuhi ya harusi alikuwa ameshateka mfuniko wa chungu kikubwa, kofia ya mpishi, na kiatu kimoja cha katekista, ambaye alisoma sala ya kushukuru akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Misa ilikwenda vizuri. Nilipiga nikiwa na mpango: nyingi kanisani, mbili nizibakize. Moja ya Bibi na Skola mlangoni, na moja ya ukoo wote, kwa sababu lori la ndugu wa bwana harusi, aliyekuwa ametangulia, lilikuwa limekwama njiani, na baba wa bwana harusi, Mzee Deogratias, wajina wa mwanangu Deo, aliingia uwanjani kwa Bibi mchana, suti imejaa matope mpaka magotini, akiwa na neno moja tu: "Picha ya pamoja bado?"

"Bado, Mzee. Imekungojea."

Nikaiweka kamera juu ya kigoda ili nipange watu. Nilipogeuka, Mzee Kasanda alikuwa ameivaa shingoni.

"Mwache mgeni na kitu chake," mtu akamwambia.

"Mgeni yupi? Jana Leokadia kasema ni mjukuu wake. Mjukuu wa mtani wangu ni mtani wangu, na hii ni yangu mpaka nione kibuyu." Akainama, akajikunyata, akatembea kwa hatua zangu, tena kwa uhodari unaoumiza, mpaka leo nikiinama namwona. Akaigeuza kamera imtazame yeye. "Mtani, tabasamu," akajiambia, akabonyeza. Ikafyatuka. Picha moja kati ya mbili ikawa imekwenda.

Watu wakacheka. Naye akairusharusha kidogo kifuani kwa furaha, na mkanda, ambao nilikuwa nimeuunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli nikisema nitaushona vizuri siku nyingine, ukakatika. Kamera ikatua kwa uso kwenye mdomo wa kinu kilichokuwa kimeegeshwa pale, ikalia sauti moja kavu, kisha ikalala kwenye pumba.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama nikakumbuka mafundisho ya Mzee Mihambo. Ukweli ni kwamba miguu iligoma. Matokeo yalikuwa yale yale.

Macho ya uwanja mzima hayakuwa kwa Mzee Kasanda wala kwa kamera. Yalikuwa kwangu. Walikuwa wananisubiri nikasirike.

"Mjukuu wangu," Bibi akaita kutoka mlangoni, "umenuna?"

"Sijanuna, Bibi."

"Midomo inasema jingine."

"Ni vumbi, Bibi."

Mzee Kasanda alikuwa ameufumbata ule mkanda mtupu. Mtani haombi radhi; akiomba, utani umekufa. Akatafuta neno, akalipata. "Kamera gani hii inashindwa na kinu? Kinu changu kule Sibwesa kimeangukiwa na mbuzi, kimesimama." Lakini alikuwa amepiga magoti tayari, anapepeta zile pumba kwa vidole, anatafuta vipande.

Nikaiokota kamera, nikaketi nayo chini. Sikusogeza filamu, sikubonyeza chochote. Jicho la juu lilikuwa zima. Jicho la chini, lile linalopiga, lilikuwa limemeguka ukingoni, kovu jeupe kama ukucha wa mtoto. Na lile bamba linaloshika macho yote mawili lilikuwa limebonyea upande mmoja, kwa hiyo kamera yote ilikuwa inatazama kama mtu mwenye shingo iliyokaza. Ile ya karatasi ya siagi nisingeweza kuifanya. Filamu ilikuwa ndani, na harusi yote iko juu yake.

Tuanze na kovu. Kovu kwenye lenzi si hatari kwa kuwa ni kovu, ni hatari kwa kuwa ni jeupe. Linadaka mwanga na kuutawanya, picha yote inakuwa kama imepigwa kwenye moshi. Lipake weusi, litanyamaza. Utapoteza mwanga kidogo, lakini hakuna atakayejua. Dukani kuna wino maalumu. Mwese hakukuwa na duka la wino.

"Bibi, naomba sufuria yako chafu kuliko zote."

"Katika nyumba hii hakuna sufuria chafu," akasema, na hapo hapo akanyoosha kidole kwa jirani, ambaye alinuna kwa niaba yetu sote. Likaja jungu lenye masizi ya miaka. Nikachukua masizi kidogo kwa ncha ya unyoya wa kuku, nikachanganya na tone la chai yenye sukari ili yashike, nikapaka lile kovu peke yake, nimezuia pumzi. Bibi alikuwa amenisimamia begani.

"Unapaka wanja," akasema.

"Napaka wanja, Bibi."

"Basi liwe linapendeza."

Kwenye kovu nilijua ninalolifanya. Kwenye bamba sikujua. Niliwasimamisha watu mstari mmoja mbele ya nyumba, nikainama kwenye kioo cha juu, na kwa kuwa macho yote mawili yalikuwa kwenye bamba moja lililopinda, niliona moja kwa moja ubaya wa jicho la chini. Watu wa katikati walikuwa wakali. Walioko kushoto, ukungu. Walioko kulia, ukungu. Nikamwambia shangazi mmoja wa kushoto asogee mbele kidogo. Akasogea, na ghafla nikaziona shanga zake moja moja. Nikamwambia wa kulia kabisa arudi nyuma. Akarudi, akatoka kwenye ukungu kama anayetoka kwenye maji.

Nikaelewa. Kamera haikuwa imepofuka, ilikuwa inatazama mshazari. Kila aliyesimama kwenye ule mshazari, awe karibu au mbali, ilimwona vizuri. Aliyesimama mstari ulionyooka, haimtaki. Nikawaza picha moja iliyobaki, na watu wawili wanaoitaka: Bibi anayetaka uso wake mkubwa, na Mzee Deogratias anayetaka ukoo wote. Na kamera nzima isingeweza kuwapa wote wawili. Ukimweka Bibi karibu kabisa na lenzi, walio nyuma wanapotea. Hii mbovu ingeweza.

Nikafanya kosa ambalo nawaomba msilifanye: nikaeleza. Nikasema Bibi na Skola watakaa mbele kushoto, karibu nami, wengine watapangana kwa mshazari kwenda nyuma kulia, wakipungua taratibu.

"Wakipungua vipi?" akauliza Mzee Deogratias.

"Kwenye picha, Mzee. Aliye mbali ataonekana mdogo kidogo."

"Na sisi upande wa mwanamume tumepangwa wapi?"

Nikatazama kamera.

"Nimekwama kwenye matope tangu alfajiri," akasema polepole, "nije nionekane mdogo kidogo."

Upande wake ukaanza kunung'unika. Mjomba mmoja akasema basi picha hiyo ipigwe kwao peke yao, na bibi wa watu asubiri mpiga picha mwingine. Skola akamshika Bibi mkono. Bibi akaanza kukirekebisha kilemba chake, akakifungua, akakifunga upya, kama mtu anayejiandaa kuondoka mahali.

Mzee Kasanda akasimama, magoti yamejaa pumba.

"Deogratias, wewe si mtu wa kukaa karibu na mlango kama mwomba chumvi. Hivi mwenye ng'ombe anakaa wapi, katikati ya ng'ombe? Anakaa mbali, juu ya kichuguu, ili awaone wote. Mimi naenda kule mwisho. Kile kichuguu nimekiteka. Anayekitaka alete kibuyu." Akaenda, akapanda kichuguu kilichokuwa pembeni ya uwanja, akasimama huko ameshika fimbo, ameinua kidevu kama jumbe.

Mzee Deogratias akamtazama. Akakitazama kichuguu. Kwa kweli kilikuwa kinavutia.

"Shuka hapo," akasema.

"Kibuyu."

Kibuyu kikaletwa. Baba wa bwana harusi akapanda kichuguu, akakung'uta matope, akanyoosha koti. Mzee Kasanda akasogea nyuma yake zaidi, mwisho wa wote. Waliobaki, kwa kuwa mkubwa ameshachagua mahali pake, wakajipanga wenyewe katikati bila mimi kusema kitu. Nikawasogeza mmoja mmoja, huyu mbele, huyu nyuma, mpaka kila mmoja akatoka kwenye ukungu. Bibi nikamkalisha kwenye kigoda, karibu mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya kilemba chake, Skola amemwinamia begani. Nikabana tundu la mwanga mpaka mwisho, jua lilikuwa linatosha. Ndipo nikasogeza filamu, taratibu, nikisikiliza. Ikasogea.

"Bibi, usinitazame mimi. Tazama lile jicho lenye wanja."

Akalitazama. Nikabonyeza.

Picha za harusi kwa kawaida nilikuwa nazisafisha kwa nafasi yangu, maana wateja wa mlimani hawana haraka. Hizi hazikupata nafasi. Maharusi walishuka Mpanda kupanda treni, na Bibi akashuka nao kumsindikiza Skola, na Mzee Kasanda akashuka nao kwa sababu, alisema, mali yake iliyotekwa ilikuwa bado mikononi mwangu. Wakajaa studio, wakakaa chini ya ndege. Treni ilikuwa imeshaingia stesheni, inapakia. Mama Deo akawapa chai, mimi nikajifungia kwenye chumba cha giza.

Nitawaambia kitu kimoja kuhusu chumba cha giza ambacho nyie hamtakijua. Karatasi nyeupe inalala kwenye dawa, haina kitu, unaitikisatikisa, na watu wanakuja. Hawaji wote pamoja. Macho ndiyo yanayotangulia. Siku ile macho ya Bibi Leokadia yalikuja yakanitazama kutoka ndani ya dawa, makali, na kila mkunjo wa uso ukafuata, kisha Skola, kisha mstari mrefu wa watu ukitambaa kwenda nyuma mpaka kichuguuni, na kila mmoja alikuwa na pua na macho yake. Sijawahi kupiga picha nzuri namna hiyo kwa kamera nzima.

Nikaitoa bado inadondosha maji, nimeishika kwa pembe.

Mzee Kasanda akawa wa kwanza. "Mimi niko wapi?"

"Huyo hapo, nyuma ya Mzee Deogratias."

"Huyu ni mbu."

"Ni wewe."

"Na ile niliyojipiga mwenyewe?"

"Ile ni pua. Pua tupu, picha nzima."

Akafikiri. "Nitaichukua," akasema.

Bibi aliishika picha kwa mikono miwili, maji yakimchuruzika mpaka kiwikoni. Skola akasogea.

"Bibi, umependeza."

"Kwenye kioo huwa najitazama nina haraka," Bibi akasema. "Natafuta tongotongo, naondoka. Sijawahi kukaa na mimi hivi." Kisha akailaza picha mapajani, akainua kiganja, akakilaza juu yake, akafunika kilemba chote. Akatazama. Akateremsha kiganja kingine, akafunika mdomo na mashavu yaliyoingia ndani. Vikabaki vipande vidogo katikati ya mikono yake: paji la uso, nyusi, macho, na mwanzo wa pua.

"Njoo," akamwambia Skola. "Hapo. Usitazame mikono. Huyo ndiye Vero."

Skola akainama. Alikaa ameinama muda mrefu mpaka treni ikapiga honi ya kwanza, na mumewe, kijana mwenye adabu, akatazama mlango kisha akatazama chini.

"Bibi atakuwa Mwese," Skola akasema. "Huko Tanga nani ataniwekea mikono?"

Mimi si mtu wa kukimbia, mnajua. Lakini nilirudi chumba cha giza nikakimbia, na chumba chenyewe kilikuwa na urefu wa kitanda. Nikakata kadibodi, nikaikata tundu la ukubwa wa ile nafasi iliyobaki kati ya viganja vya Bibi, nikaipandisha mashine ya kukuzia picha mpaka juu kabisa, nikaacha mwanga upite hapo tu. Paji, nyusi, macho, mwanzo wa pua. Nje Mama Deo alikuwa ananigongea, honi ya pili ilikuwa inalia, na Mzee Kasanda nilimsikia akitoka, akisema kwa sauti kwamba anakwenda kumteka dereva wa treni.

Sijui alimfanya nini. Treni ilichelewa.

Skola alipanda behewa ameshika ile picha mbichi ya Vero kwa ncha za vidole, ameitanguliza mbele kama chapati ya moto, watu wanampisha. Bibi alisimama chini ya dirisha mpaka treni ilipoondoka, kisha akarudi studio kumalizia chai yake.

Kamera ile ninayo. Bamba sikulinyoosha, na wanja wa masizi bado uko kwenye jicho, umekauka. Vijana huja kuniuliza kwa nini sikuitengeneza, nami huwaambia nilikuwa mvivu, na Mama Deo huitikia kutoka ndani kwamba ni kweli. Nimepiga maelfu ya watu katika mji huu, wengi wao mbele ya samaki anayeruka. Veronika ndiye pekee niliyemsafishia picha bila yeye kusimama mbele ya kamera yangu.